Zahanati ya Akina Mama wa Kingston

Mwaka 1939, mjini Kingston, Jamaika, wanawake wawili waliotofautiana karibu kwa kila kitu isipokuwa umri walishirikiana kuanzisha chama ambacho watu wengi wa heshima hawakupenda hata kukitaja hadharani. May Farquharson alizaliwa mwaka 1894, Amy Bailey mwaka 1895. Mmoja alikuwa Mzungu, binti wa wakili mwenye mashamba. Mwingine alikuwa mwalimu mweusi, binti wa walimu wa kijijini. Chama chao kiliitwa Jumuiya ya Kudhibiti Uzazi ya Jamaika, na zahanati iliyotokana nacho ikaitwa Zahanati ya Ustawi wa Akina Mama. Leo mwanamke wa Jamaika akiingia kituo cha afya cha serikali na kuomba vidonge au sindano, anapokea huduma ambayo mizizi yake inarudi pale.

Historia za taasisi hupenda kuwapa waasisi nia moja tangu siku ya kwanza. Hapa haikuwa hivyo, na kulificha hilo ni kuwapunja wote wawili. Walikubaliana kwamba zahanati inahitajika. Njia zilizowafikisha kwenye uamuzi huo zilikuwa mbalimbali, na wanawake waliokuja kuketi kwenye mabenchi ya zahanati hiyo walikuwa na sababu zao wenyewe, ambazo hazikuwa za Farquharson wala za Bailey.

Baba yake May, Sir Arthur Farquharson, alikuwa miongoni mwa vigogo wa kundi lililotetea maslahi ya wenye mashamba na wafanyabiashara wakubwa wa kisiwa. Binti wa nyumba kama ile angeweza kumaliza umri wake kati ya karamu na safari za Uingereza, na hakuna ambaye angemlaumu. May alichagua kazi za jamii. Alishughulikia watoto wa maskini, na alipigania pensheni kwa wazee katika nchi ambayo mtu aliyekata miwa maisha yake yote aliweza kufa akiombaomba. Ndani ya Jumuiya alikuwa mhimili wa kazi ya ofisi: barua, vikao, kutafuta fedha, kuwabembeleza madaktari. Ni kazi isiyoonekana, na vyama vingi vya hiari hufa kwa kumkosa mtu wa kuifanya mwaka baada ya mwaka.

Mwalimu Bailey alitoka Walderston, katika milima ya wilaya ya Manchester. Alisomea ualimu Shortwood, chuo cha wasichana nje kidogo ya Kingston, kisha akafundisha katika Shule ya Ufundi ya Kingston kwa karibu miaka 40, hadi 1958. Masomo yake yalikuwa ya ofisini, hatimkato yakiwa mojawapo. Na hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na jambo lililomfanya awe mwandishi. Wasichana wake walifaulu. Walijua kuandika barua za biashara na kuweka hesabu. Kisha walikwenda kuomba kazi katika maduka makubwa ya King Street na kurudi mikono mitupu, huku wenzao wenye rangi nyepesi zaidi, hata wasio na cheti, wakisimama nyuma ya kaunta.

Gazeti la kila wiki la Public Opinion lilipoanzishwa mwaka 1937, Bailey alipata jukwaa. Aliandika mfululizo wa makala kuhusu ubaguzi huo bila kuzungukazunguka: hakuna sheria iliyomzuia msichana mweusi kuuza vitambaa, lakini duka zima lilijua kwamba hatakiwi. Wasomaji walimwelewa, kwa kuwa kila familia nyeusi ya mjini ilikuwa na binti wa aina hiyo. Baada ya kelele hizo baadhi ya wenye maduka walianza kuwaajiri wasichana weusi. Kwa mji wa wakati ule, ulioishi kwa kuhesabu vivuli vya ngozi, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli.

Ninakaa na makala hayo kwa sababu yanaeleza alivyofika kwenye suala la uzazi. Bailey hakulianzia kwenye hesabu za idadi ya watu. Alimwanzia msichana asiye na kazi. Msichana huyo angeishia kufua na kupika katika nyumba ya mtu, kwa ujira usiotosha kodi ya chumba. Akipata mimba, mara nyingi alifukuzwa. Baba wa mtoto akiwa na kazi ya msimu tu, au akiwa amekwenda kutafuta riziki nje, mzigo ulibaki kwake na kwa mama yake. Mwalimu aliyewaona mabinti hao wakipita darasani kila mwaka hakuhitaji nadharia kutoka Ulaya ili aone kwamba mimba inayokuja wakati mama hana uwezo ni suala la mkate.

Kisha ukaja mwaka 1938. Bei ya sukari ilikuwa imeporomoka kwa miaka, na Wajamaika waliokuwa wakifanya kazi Cuba, Panama na Costa Rica walikuwa wamerudi kwa maelfu baada ya kazi kwisha huko. Mapema mwezi Mei, huko Frome katika wilaya ya Westmoreland, ambako kiwanda kikubwa cha sukari kilikuwa kikijengwa, wafanyakazi waligoma wakidai ujira bora. Polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Tarehe 23 Mei mgomo wa makuli wa bandari uliifunga Kingston. Kiongozi wa wafanyakazi Alexander Bustamante alikamatwa siku iliyofuata, na binamu yake Norman Manley akajitokeza kuwasemea wafanyakazi. Ndani ya miezi michache kisiwa kilikuwa na chama kikubwa cha wafanyakazi na chama cha siasa kilichodai kujitawala. London ilituma Tume ya Kifalme chini ya Lord Moyne kuchunguza hali ya visiwa, ikiwa na wanawake wawili miongoni mwa wajumbe wake, na wanawake wa Jamaika walifika mbele yake kusema yao.

Baada ya machafuko yale kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wenye mashamba wengi walipenda kusema kwamba tatizo la Jamaika ni wingi wa watu. Sensa ya 1921 ilihesabu watu 858,118. Ile ya 1943 ikawakuta 1,237,063. Idadi ilikuwa imepanda kweli, na kwa kasi. Lakini maelezo hayo yalikuwa na faida kubwa kwa walioyatoa, kwa sababu yalihamisha lawama. Ukisema watu wamezidi, huulizwi tena kwa nini ardhi nzuri iko mikononi mwa wachache, wala kwa nini mkata miwa analipwa ujira usiomlisha hata yeye peke yake.

Jumuiya ilizaliwa katikati ya mabishano hayo, na ni haki kusema kwamba ilibeba yote mawili: haja ya akina mama na hofu ya wingi wa watu. Harakati za kudhibiti uzazi za enzi hiyo, Uingereza na Marekani, zilichanganyika na fikra kwamba maskini na watu wa rangi fulani wapunguzwe ili taifa liwe "bora." Fikra hizo zilisafiri na vipeperushi pamoja na wahadhiri. Baadhi ya waliotoa michango Kingston walitoa kwa kuogopa umati waliouona mitaani mwezi Mei. Mwalimu aliyeandika juu ya wasichana wasiotakiwa King Street alikaa chama kimoja na watu wa aina hiyo, akijua anakaa na nani. Sidhani alidanganyika. Nadhani alipima, akaona kwamba mwanamke maskini akipewa njia ya kuchagua, chaguo hilo litakuwa lake, hata kama aliyelipia dawa alikuwa na shabaha nyingine. Huo ni uamuzi mgumu, na watu wa hiari katika nchi zetu wanaoishi kwa misaada wanaufahamu.

Mwaka huo wa 1939 alifika kisiwani Edith How-Martyn, Mwingereza aliyekuwa amefungwa jela mwaka 1906 kwa kudai kura ya wanawake, na ambaye baadaye alizunguka India pamoja na Margaret Sanger wa Marekani akihubiri uzazi wa kupanga. Mihadhara yake Jamaika ilivuta watu na kuzua ubishi magazetini, na ubishi ulikuwa ndio tangazo bora kwa chama kichanga kisicho na fedha.

Kliniki yenyewe ilifanya nini? Hapa inafaa kuingia ndani kidogo, maana vidonge vilikuwa bado miaka 20 mbele. Silaha kuu ya wakati huo ilikuwa kiwambo, yaani kikombe chembamba cha mpira chenye ukingo wa waya, kinachowekwa ndani ya uke kuziba mlango wa kizazi, kikitumiwa pamoja na jeli inayoua mbegu. Vipo vya saizi mbalimbali, hivyo mwanamke lazima apimwe na daktari au nesi. Kisha hufundishwa kukiweka mwenyewe, akajaribu palepale mpaka nesi aridhike. Anaelezwa kwamba akiweke kabla, asikitoe mpaka saa kadhaa zipite baada ya tendo, halafu akioshe kwa maji na sabuni, akikaushe, akinyunyizie poda na kukihifadhi mahali pasipo joto, maana mpira huharibika. Akijifungua tena, apimwe upya, kwa kuwa saizi hubadilika.

Maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya mwanamke mwenye chumba cha kuoga. Wengi wa waliofika kliniki waliishi uani: nyumba za vyumba vya kupanga zilizozunguka uwanja mmoja, familia nzima ndani ya chumba kimoja, bomba moja la maji kwa wote, choo kimoja cha shimo kwa wote. Ataoshea wapi kikombe hicho bila majirani kukiona? Atakificha wapi ambako watoto hawatakifanya kichezeo? Na chini ya bati la Kingston mwezi wa Agosti, mahali pasipo joto ni wapi? Juu ya hayo kulikuwa na mume au mwenzi ambaye huenda hakutaka kusikia habari hiyo kabisa. Haishangazi kwamba wengi walikuja mara moja wasirudi. Watu wa nje waliliita hilo uzembe, wengine wakasema mwanamke maskini hawezi kupanga lolote. Mtu akitazama bomba lile la maji ataona sababu nyingine.

Hata hivyo walikuja. Tusiwasahau kwa kuwa majina yao hayakuandikwa vitabuni. Alikuwepo aliyekuja akiwa na watoto sita na damu haba, akiambiwa na daktari kwamba wa saba huenda akamwua. Alikuwepo dobi aliyetaka tu kupumzika miaka miwili kabla ya mimba nyingine ili asipoteze wateja wake. Wanawake hawa hawakuwa wakifikiria sensa wala ubora wa taifa. Mabibi zao walijua majani na mizizi ya kuzuia au kutoa mimba tangu enzi za utumwa, na wapo waliotumia dawa hizo mafichoni wakafa. Kwao kliniki ilikuwa mahali ambapo jambo la siku zote lilizungumzwa kwa sauti ya kawaida na mtu aliyevaa sare nyeupe.

Upinzani ulikuja pande mbili. Kanisa Katoliki lilikuwa na msimamo uliotangazwa na Papa Pius XI mwishoni mwa 1930, unaokataza njia zote za kubuni za kuzuia mimba. Waanglikana, katika mkutano wao wa Lambeth mwaka huohuo, walikuwa wamefungua mlango kidogo. Kwa hiyo Mjamaika aliyesikiliza mahubiri ya Jumapili angeweza kusikia majibu mawili kutegemea mlango wa kanisa alioingia. Upande wa pili ulikuwa wa siasa ya watu weusi. Chama cha Marcus Garvey, kilipokutana Kingston mwaka 1934, kilipitisha azimio la kulaani udhibiti wa uzazi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Watu waliovushwa bahari kwa minyororo, wakazalishwa kama mali, kisha wakaambiwa na wajukuu wa mabwana zao kwamba sasa wamekuwa wengi mno, walikuwa na kila sababu ya kuuliza nani ananufaika.

Bailey alikuwa mmoja wa watu wachache walioweza kulijibu swali hilo kwa mwenendo wao, kwa sababu kliniki ilikuwa sehemu moja tu ya kazi yake. Katikati ya miaka ya 1930 yeye na Mary Morris Knibb, mwalimu mwenzake, walianzisha Klabu ya Wanawake ya Kiliberali, iliyodai nafasi za wanawake katika siasa na katika kazi za serikali. Tangu 1919 wanawake wachache wa Jamaika, waliojua kusoma na waliokuwa na mali au kodi ya kutosha, walikuwa na kura, lakini kura bila mgombea ni nusu ya haki. Mwaka 1939 Knibb aligombea udiwani wa Kingston akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa kisiwani. Miaka mitano baadaye, 1944, kila mtu mzima alipata kura, tajiri na mkata miwa, mwanamume na mwanamke. Na Una Marson, mwandishi na mshairi aliyewahi kuwa katibu wa Mfalme Haile Selassie alipokuwa uhamishoni Uingereza, aliporudi nyumbani na kuanzisha mwaka 1938 mfuko wa kuokoa watoto wa Jamaika, Bailey alikuwa pamoja naye.

Kisha, katikati ya miaka ya 1940, alianzisha kituo cha mafunzo ya kazi za nyumbani kwa wasichana. Msomaji wa leo anaweza kukunja uso: kwa nini mpigania haki awafundishe wasichana kupika na kushona? Lakini wasichana wengi wa Jamaika walikuwa tayari wanafanya kazi hiyo, bila cheti, bila saa maalumu, na bila thamani yoyote machoni pa waajiri. Bailey aliigeuza kuwa ujuzi wenye mitihani na heshima. Maelfu walipita mikononi mwake, na wapo waliotoka hapo wakaendesha jikoni za hoteli na biashara zao wenyewe. Kwangu kituo hicho na zahanati ni kazi moja.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilikwepa. Ripoti ya Tume ya Moyne ilikiri kwamba ongezeko la watu ni tatizo zito, ila London iliogopa Wakatoliki na iliogopa tuhuma za wazalendo, hivyo hakuna bajeti iliyotoka kwa ajili ya zahanati kama ile ya Kingston. Kilichopata baraka badala yake kilikuwa harakati ya ndoa za halaiki, iliyoongozwa na Lady Huggins, mke wa gavana, kupitia shirikisho la wanawake lililoanzishwa mwaka 1944. Watoto wapatao 7 katika kila 10 walizaliwa nje ya ndoa, na wakubwa waliamini kwamba pete za bei nafuu na harusi za pamoja zingeponya jambo hilo. Ndoa ziliongezeka kwa muda, kisha zikarudi zilipokuwa. Mtafiti Edith Clarke, mwenyewe Mjamaika, alieleza mwaka 1957 katika kitabu chake kuhusu familia za vijijini kwamba watu hao waliiheshimu ndoa mno: waliiahirisha mpaka wapate nyumba na uwezo, maana kumwoa mtu bila pa kumweka ni aibu. Shida ilikuwa ni nyumba na ujira. Bailey alikuwa amelisema hilo kwa lugha nyingine miaka 20 nyuma.

Jumuiya ilibadili jina mapema katika miaka ya 1940 ikajiita ya uzazi wa mpango, maneno yasiyotisha sana masikioni. Ilibaki ndogo, ikitegemea michango na watu walewale. Ingeweza kuzeeka pamoja nao.

Kilichoiokoa kazi hiyo kilitoka nje ya Kingston. Huko St Ann's Bay, mji mdogo wa pwani ya kaskazini, Dakta Lenworth Jacobs na mkewe Beth walikuwa wakiwaona kila siku wanawake waliodhoofishwa na mimba za mfululizo, na mwaka 1957 wakaanzisha Chama cha Uzazi wa Mpango cha Jamaika. Beth Jacobs alikwenda vijijini, kwenye vikundi vya akina mama, makanisani, akizungumza na watu ambao mihadhara ya Kingston haikuwahi kuwafikia. Mji huo ndio alikozaliwa Marcus Garvey mwaka 1887. Chama ambacho wafuasi wake wangekilaani kilichipukia mtaani kwake, na hata hivyo waliokijaza walikuwa wanawake weusi maskini ambao yeye aliwaita watu wake.

Chama cha akina Jacobs kilijiunga na shirikisho la kimataifa lililoundwa Bombay mwaka 1952, na kwa njia hiyo kikawa ndugu wa vyama vingine vilivyokuwa vikizaliwa wakati uleule. Cha Dar es Salaam, ambacho Watanzania wanakifahamu kwa jina la UMATI, kilianza mwaka 1959. Jirani wa Jamaika, Barbados, walikuwa wametangulia hatua moja, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1950 serikali ya Grantley Adams ilikubali kutoa fedha za umma kwa kazi hiyo. Jamaika ilisubiri mpaka baada ya uhuru wa 1962. Waziri wa Afya Herbert Eldemire alilichukua suala hilo bila kuyumba, Bodi ya Taifa ya Uzazi wa Mpango ikaundwa mwaka 1967, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1970. Huduma iliyokuwa ya hisani sasa ikawa ya vituo vya afya vya serikali.

Tuhuma hazikuisha. Vijana wa Rastafari na wazalendo wengine weusi waliendelea kusema kwamba mpango huu ni wa kupunguza watu weusi, na walikuwa na mifano mkononi. Kisiwa jirani cha Puerto Rico kilikuwa ndicho mahali ambapo vidonge vilijaribiwa kwa wanawake maskini kuanzia 1956, kwa dozi kubwa na maelezo haba, na ambapo kufikia katikati ya miaka ya 1960 karibu theluthi moja ya wanawake walioolewa wa umri wa kuzaa walikuwa wamefungwa kizazi. Mtetezi wa uzazi wa mpango anayeyapuuza hayo anajinyima haki ya kuaminiwa. Jibu lake liko kwenye namna huduma inavyotolewa: je, mwanamke ameelezwa, na je, anaweza kusema hapana na bado akatibiwa mtoto wake?

Miaka ya 1970 ilileta sheria ambazo wanawake wa kizazi cha 1938 walikuwa wakizisubiri. Mwaka 1976 sheria ya hadhi ya watoto ilifuta kisheria tofauti kati ya mtoto wa ndoa na wa nje ya ndoa. Baada yake ikaja sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo, mwaka 1979. Katikati, mwaka 1978, Pamela McNeil alianzisha Kituo cha Wanawake kwa ajili ya wasichana wa shule waliopata mimba. Wanasoma hapo mpaka wajifungue, watoto wao wanalelewa kwenye chumba cha jirani, kisha wanarudishwa katika shule za kawaida. Elimu ya uzazi hutolewa pamoja na hesabu na Kiingereza. Msichana ambaye zamani mimba moja ilimtoa shuleni moja kwa moja sasa ana njia ya kurudi. Katika mambo yote yaliyotokana na kazi ya akina Bailey, hili ndilo ninalolipenda zaidi, maana limeunganisha kizazi na cheti kama alivyoviunganisha yeye.

Amy Bailey alifariki mwaka 1990 na May Farquharson mwaka 1992, wote wakiwa wamepita miaka 90. Waliishi hadi kuona wastani wa watoto kwa mwanamke wa Jamaika, uliokuwa zaidi ya 5 katika miaka ya 1960, ukishuka hadi karibu 3. Utafiti wa taifa wa 2008 ulikuta 2.4. Kliniki ya St Ann's Bay imepewa jina la Beth Jacobs, na ile ya katikati ya Kingston jina la mumewe. Sheria inayoharamisha utoaji mimba ni ileile ya mwaka 1864, iliyoandikwa wakati watu waliozaliwa utumwani walikuwa bado wakilima kisiwani, na wanawake wa Jamaika wa leo, madaktari, wabunge na wauguzi, wanaendelea kubishana bungeni na makanisani kama ibaki au iondolewe.